Kwa nini wahusika wa filamu fupi Woman Haters (1934) wanazungumza kwa vina?

Swali

Salamu kwenu nyote. Juzi nilitazama Woman Haters, filamu ya dakika 19 hivi iliyotolewa na studio ya Columbia mwezi Mei 1934, ambayo ndiyo ya kwanza ya wachekeshaji wa Three Stooges, yaani Moe Howard, Larry Fine na Jerry Howard aitwaye Curly, katika studio hiyo. Nimewazoea watatu hawa kwa makofi na kudungana vidole machoni, na hayo yamo. Lakini humu wanazungumza kwa vina huku muziki ukipigwa chini ya maneno yao, tangu wanapokula kiapo cha chama cha wanaume waliojikataza mapenzi hadi wanapokutana tena wakiwa wazee. Mimi ni msomaji wa mashairi, na nilishindwa kuamua kama nasikiliza wimbo, ngonjera, au mazungumzo ya kawaida yaliyolazimishwa kufanana mwishoni. Walikusudia nini, na kwa nini hawakuendelea na mtindo huo?

Jibu la kwanza

Ndugu, filamu hiyo haikutungwa kwa ajili yao. Columbia ilikuwa na mfululizo wa filamu fupi za muziki ulioitwa Musical Novelty, na hii ilikuwa mojawapo. Mwongozaji wake, Archie Gottler, alikuwa mtunzi wa nyimbo. Watatu hao walikuwa wametoka tu kuachana na kiongozi wao Ted Healy, wakaingizwa katika kazi ambayo umbo lake lilikwisha kuamuliwa. Ndiyo maana hata majina yao hayamo katika hadithi: Larry anaitwa Jim, Moe anaitwa Tom, na Curly anaitwa Jack. Katika filamu iliyofuata, Punch Drunks, ya mwaka huohuo, hadithi waliibuni wenyewe na mazungumzo yakarudi kuwa ya kawaida. Muziki haukuachwa, ila ulipewa kazi nyingine: Larry anapopiga fidla wimbo fulani, Curly anapandwa na wazimu na kugeuka bondia asiyezuilika. Hapo wimbo ndio unaosukuma kisa, na kwa maoni yangu hiyo ni hatua kubwa kwa miezi michache tu.

Jibu la pili

Ningependa kuongeza upande wa utunzi, kwa sababu sikubali kwamba vina vile ni pambo tu. Katika Kiswahili kina ni silabi ya mwisho, na kwa kuwa silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, mtunzi ana maneno tele ya kuchagua. Kiingereza hudai ulinganifu kuanzia irabu yenye mkazo hadi mwisho wa neno, kwa hiyo maneno yanayofaa ni machache na msikilizaji mara nyingi hulihisi neno kabla halijatamkwa. Kwa mchekeshaji hilo ni faida: mtazamaji analingoja neno, na badala yake, au pamoja nalo, kinakuja kibao.

Gharama yake ni kwamba watu wanaosemezana kwa vina hawawezi kukatizana. Kila mmoja hana budi kungoja mwenzake amalize mstari. Ngonjera haidhuriki kwa jambo hilo, maana ni hoja kwa hoja, na hata mshairi wa Tanzania Mathias Mnyampala aliyeieneza aliitumia kwa mafunzo na makubaliano. Lakini uchekeshaji wa watatu hawa ni wa kurukiana na kuzibana midomo, na vina vinawafunga miguu. Naona ndiyo sababu makofi yao humu yanasikika kama vituo vya muziki kuliko ugomvi.

Jibu la tatu

Nasikitika kwamba hajatajwa Marjorie White, ambaye kwangu ndiye nguzo ya filamu hii. Yeye ndiye Mary, mke wa Larry, anayewatongoza Moe na Curly ndani ya garimoshi mpaka kiapo chao kinavunjika, kisha anawaambia ukweli na kuwasukuma wote watatu nje kupitia dirishani. Alikuwa mzaliwa wa Winnipeg, Kanada, na alianza kupanda jukwaani tangu utotoni, kwa hiyo kupita kutoka maneno hadi wimbo na kurudi hakumpi taabu hata kidogo. Ilikuwa filamu yake ya mwisho: alifariki Agosti 1935 baada ya ajali ya gari. Anayetaka kujua kama mtindo ule ungeweza kufaulu amsikilize yeye.

Muulizaji

Ahsanteni sana. Nimerudia sehemu ya garimoshi nikiwa nimefumba macho. Sauti ya Bi. White inatiririka, kina kinafika bila kutafutwa. Ya Moe naisikia ikihesabu mapigo. Sasa naitafuta Punch Drunks, nisikie fidla ile.