Imani ya udhibiti, imani ya uwezo na kujidhibiti: je, naweza kuzijumlisha kuwa alama moja?

Mwandaaji

Wakuu, habari zenu. Naandaa dodoso la watu wazima wanaojiunga na kozi ya kujisomea ya wiki 12. Wengi huanza kwa ari, kisha wanaachia njiani. Rasimu ina kauli 30, zikiwemo "Mafanikio yangu yanategemea juhudi zangu", "Naweza kumaliza jambo hata likiwa gumu" na "Nashindwa kuiacha simu wakati wa kusoma". Zote nimezijumlisha kuwa alama moja, nikaiita udhibiti binafsi. Aliyeipitia rasimu amesema nimechanganya vitu visivyo vya aina moja, ila hakufafanua. Ni kweli? Na mwenye alama ndogo asaidiwe vipi? Kwa sasa msaada uliopo ni mazungumzo ya kumtia moyo.

Mizani

Ndugu, aliyekwambia hivyo amekusaidia sana. Zitazame upya kauli zako tatu.

Ya kwanza inauliza kama tendo huzaa matokeo. Hiyo ni imani ya udhibiti, ambayo mwanasaikolojia Julian Rotter aliitolea kipimo mwaka 1966. Ya pili inauliza kama *mimi* naliweza hilo tendo. Hiyo ni imani ya uwezo, aliyoifafanua mwanasaikolojia Albert Bandura mwaka 1977. Ya tatu inahusu mwenendo: mtu akivutwa na kitu kingine, hujizuia au hufuata? Huko ni kujidhibiti, na kipimo kinachotumiwa sana ni cha Tangney, Baumeister na Boone cha mwaka 2004, chenye kauli 36, au 13 kwa toleo fupi.

Kwa nini tofauti hii ina uzito? Mtu anaweza kuamini kabisa kwamba anayesoma kila siku hufaulu, na hapohapo akaamini kwamba yeye kusoma kila siku hawezi. Ukimwambia "kila kitu kiko mikononi mwako" umemwongezea lawama tu, kwa sababu hilo analijua tayari. Mwingine hana shaka na uwezo wake, bali ana shaka kama kazi zinasahihishwa kwa haki. Huyo umsifie uwezavyo, hatasogea. Mwoneshe vigezo vya kusahihisha na kazi mbili tatu zilizosahihishwa, aone alama zimetoka wapi. Kwenye alama yako moja, watu hawa wawili wanaweza kupata namba ileile.

Ukichukua kipimo cha Rotter, kumbuka kina jozi 29 za kauli, na jozi 6 kati ya hizo zimewekwa kuficha shabaha tu, hazihesabiwi. Alama ni 0 hadi 23, na alama *kubwa* ina maana ya udhibiti wa *nje*, yaani kuamini kwamba mambo huamuliwa na vitu vilivyo nje ya mtu mwenyewe. Ni rahisi sana kuisoma kinyume. Pia Rotter alikuwa anapima matarajio ya jumla, yale yanayomwongoza mtu zaidi anapokuwa kwenye hali ngeni. Akishaizoea hali, matarajio mahususi ya hali hiyo ndiyo yanayotangulia. Kwa kozi ya wiki 12 ningeandika kauli zinazoitaja kozi yenyewe.

Kwa imani ya uwezo, fuata muundo wa Bandura: "Una uhakika kiasi gani kwamba unaweza kusoma dakika 30 ukiwa umechoka?", jibu likitoka 0 hadi 100 kwa hatua za 10. Panga vikwazo kuanzia chepesi hadi kizito. Karibu wote wakijibu 90 au 100, vikwazo vyako ni vyepesi mno, ongeza ugumu. Na andika "naweza", usiandike "nitafanya": ukiandika "nitafanya" unapima nia.

Kauli Tatu

Naongezea kwa Mizani, maana neno "nje" nalo limebeba mambo mawili. Hanna Levenson aliligawa miaka ya 1970: kuna anayeamini mambo huamuliwa na watu wenye nguvu, na kuna anayeamini huamuliwa na bahati. Kipimo chake kina kauli 24, nane za udhibiti wa ndani, nane za wenye nguvu, nane za bahati. Kila kauli hujibiwa kuanzia -3 hadi +3, kisha kila kundi huongezewa 24 ili alama ziwe kati ya 0 na 48. Ziache zikiwa tatu. Ukitafuta wastani wake umeibomoa kazi yote.

Anayesema wenye nguvu ndio wanaoamua huenda anaieleza hali yake kwa usahihi kabisa. Kama saa zake za kazi hupangwa na msimamizi na hubadilika kila wiki, imani yake haina kasoro ya kurekebishwa. Ratiba ya kozi ndiyo ya kurekebishwa. Hili naomba lisipuuzwe, kwani ni rahisi kugeuza tatizo la mazingira kuwa tatizo la tabia ya mtu.

Kuhusu kutia moyo: Bandura alitaja vyanzo vinne vya imani ya uwezo. Chenye nguvu kuliko vyote ni mtu kufanya jambo mwenyewe na kufaulu. Kinafuata kumwona mtu wa aina yake akifaulu. Maneno ya kushawishi yako chini ya hivyo viwili, na huvunjika haraka mtu anaposhindwa mara ya kwanza. Hali ya mwili, kama uchovu na wasiwasi, ni cha nne.

Utafiti wa unyonge uliofunzwa, yaani kuacha kujaribu baada ya kupata mateso yasiyozuilika, nao unaelekea hukohuko. Wanasaikolojia Seligman na Maier walipoandika mwaka 1967 kuhusu mbwa waliopigwa shoti za umeme wasizoweza kuzizuia, walieleza kwamba mnyama hujifunza kuwa hana la kufanya. Mwaka 2016 wao wenyewe waliigeuza nadharia: kulegea ndiyo hali ya kawaida chini ya mateso ya muda mrefu, na kinachofunzwa ni kwamba udhibiti upo. Kwa kozi yako, wiki ya kwanza iwe na kazi fupi tano au sita, kila moja ikirudishiwa majibu ndani ya siku moja, ili mwanafunzi aone tendo lake limeleta kitu.

Mwandaaji

Asanteni sana, nimeelewa. Sasa kuna wale ambao imani zote mbili ziko juu na wanaitaka kozi kweli, lakini siku zinapita hawajafungua ukurasa.

Ikiwa-Basi

Hao wana nia, wamekosa kianzio. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer alipendekeza mipango ya "ikiwa hiki, basi kile", na uchambuzi wake na Sheeran wa mwaka 2006, uliojumlisha majaribio 94, ulikuta ukubwa wa athari (d) wa 0.65, yaani athari ya kati hadi kubwa.

Mpango huandikwa kwa sentensi moja: "Nikishaweka kikombe cha jioni mezani, nafungua daftari ukurasa nilioishia." Makosa yako zaidi upande wa "ikiwa". "Nikipata nafasi" si kianzio, kwa sababu hakuna anayeiona nafasi ikifika. Kiwe kitu cha kuonekana au kusikika, na kitokee kila siku. Upande wa "basi", epuka ukanushaji: "sitashika simu" huiweka simu akilini. Taja tendo mbadala linaloanza ndani ya dakika moja. Anza na mpango mmoja. Ukirundika mitano kwa lengo moja, inagombana.

Na usiahidi kwamba tabia hujengeka kwa siku 21. Mtafiti Lally na wenzake waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12. Makadirio ya muda wa tabia kukomaa, yaani kufanyika yenyewe bila kufikiria, yalianzia siku 18 hadi 254, na ya katikati yalikuwa 66. Kukosa siku moja hakukuharibu mwendo, na hilo waambiwe mapema, maana wengi huacha siku ya pili baada ya kukosa moja.

Mizani

Kuhusu kauli ya simu. Usiijenge kozi juu ya wazo kwamba utashi ni kama mafuta yanayokwisha kwenye tangi. Jaribio la kulirudia wazo hilo katika maabara 23, lililochapishwa mwaka 2016, lilikuta athari iliyokaribia sifuri. Wenye kujidhibiti sana huripoti vishawishi *vichache*, maana yake wengi hawapigani navyo, wanavikwepa. Kwa hiyo uliza "Ninapoanza kusoma, simu huwa chumba kingine", kwa majibu ya kamwe hadi kila mara. Hapo utapata jibu unaloweza kulifanyia kazi.

Kauli Tatu

La mwisho kwangu ni muda wa kupima. Ukipima siku ya kujiandikisha, watu wanakadiria kozi wasiyoijua. Pima baada ya kazi ya kwanza kusahihishwa, kisha wiki ya 4 na ya 8. Ukisubiri wiki ya 12 utakuwa unawauliza waliobaki, na wale uliotaka kuwaelewa wameshaondoka.