Macho yawasha kwa jua na vumbi la barabarani, nifanyeje?

Dereva wa Bamburi: Salaam aleikum wadau. Naendesha tuktuk kutwa, na kaskazi hii upepo waja na vumbi tupu. Jua la saa saba likipiga lami pale daraja la Nyali, hutazami mbele ila kwa kukunja uso. Jioni macho mekundu, yawasha utadhani yana mchanga. Sasa kumeota kinyama upande wa pua. Mwenzangu wa steji aniambia ninunue matone ya kuondoa wekundu, hayo atiayo yeye kila asubuhi. Nina miaka 34. Naombeni ushauri.

Mama wa Majengo: Pole mwanangu. Kwanza acha kusugua. Mkono upokeao sarafu za nauli ndio huo huo wapeleka jichoni. Beba maji safi, nawa mikono ndipo unawe uso.

Muuguzi wa Macho: Kaka, kinyama hicho twakiona sana huku pwani, kwa wavuvi na watu wa boda. Chatokana na jua, upepo na vumbi la miaka. Kikitambaa hadi juu ya mboni huzuia kuona, na hata kikikatwa huweza kuota tena. Nunua miwani ya jua iliyoandikwa UV400, yaani yazuia miale ya jua idhuruyo macho, inayofunika hadi pembeni. Weusi wa kioo pekee si kinga: mboni hupanuka gizani, miale ikaingia zaidi. Vaa na kofia yenye ukingo.

Matone hayo usinunue, nakusihi. Ya kuondoa wekundu ukiyazoea, siku ukiacha macho huwa mekundu kuliko mwanzo. Mengine yana steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, na hiyo ikitiwa muda mrefu bila kupimwa hupandisha presha ya macho. Presha hiyo mara nyingi haiumi. Hula uwezo wa kuona polepole kuanzia pembeni, na kilichopotea hakirudi.

Mama wa Majengo: Na wanja wa manga kwa mtoto mchanga?

Muuguzi wa Macho: Shikamoo mama. Mwingi una madini ya risasi, ni sumu kwa mtoto. Msimpake.

Dereva wa Bamburi: Shukran sana. Kesho naenda kliniki ya macho, Hospitali Kuu ya Pwani. Mwenzangu nitakwenda naye, babake alipofuka kwa presha hiyo hiyo.

Muuguzi wa Macho: Basi asikose kabisa, huandama ukoo. Aende na hiyo chupa ya matone, na habari ya babake aitaje mwanzo kabisa.