Picha za vibanda vya watumwa zilishushwa ukutani siku ileile, ilikuwa sawa?

Wakuu, habari za saa hizi. Naleta mada ambayo imenikaa kichwani wiki nzima, naomba tuijadili kwa hoja, matusi tuweke pembeni.

Kuna profesa mmoja wa Marekani anaitwa John Michael Vlach, mzungu, amefariki 2022. Maisha yake yote alisoma nyumba za watu wa kawaida, yaani achana na maikulu na maghorofa, yeye ni vibanda, majiko ya nje, mabaraza, na hasa vile vilivyojengwa na watu weusi. Mwaka 1993 akatoa kitabu kuhusu majengo ya kwenye mashamba ya watumwa, na humo alitumia picha na michoro ya mradi wa serikali ulioanza 1933, kipindi uchumi wao umeanguka, wasanifu majengo wakapewa kazi ya kuzunguka nchi nzima kupima na kupiga picha majengo ya zamani. Vitu hivyo vimehifadhiwa Maktaba ya Bunge, Washington. Sasa Desemba 1995 maktaba hiyohiyo ikazitundika kwenye jengo lake, maonyesho yakapewa jina la Nyuma ya Nyumba Kubwa, yaani nyuma ya nyumba ya bwana mwenye shamba. Hata siku hayakumaliza. Wafanyakazi weusi walilalamika kwamba picha zinawaumiza, na ndani ya saa chache uongozi ukaamuru zishushwe zote.

Swali langu, ilikuwa sawa kuzishusha?

Mimi nasema haikuwa sawa, lakini wale wafanyakazi siwalaumu hata kidogo na naomba tusiwaseme vibaya. Picha iliyowachoma zaidi ilikuwa ya nyapara mzungu juu ya farasi, chini yake watu weusi wameinama wanachuma pamba. Alafu kumbuka hapohapo kazini kwao kulikuwa na kesi ya ubaguzi wa ajira dhidi ya maktaba, imevutana miaka na miaka na ndo kwanza ilikuwa imefikia kulipwa fidia mwaka uleule wa 1995. Sasa wewe unanyimwa cheo miaka yote hiyo, asubuhi moja unaingia kazini na kikombe chako cha kahawa, hakuna aliyekuambia kitu, unakutana na nyapara ukutani. Hata mimi ningepandisha hasira.

Ila angalieni zile picha zenyewe zina nini. Chukua aina moja tu ya kibanda ambayo ilikuwa ya kawaida sana kule kusini, mbao tupu, vyumba viwili, dohani moja katikati, familia moja inaota moto upande huu na familia nyingine kabisa upande wa pili wa matofali yaleyale, kila moja na mlango wake. Unaweza ukasikia mtoto wa jirani akikohoa usiku. Vlach hoja yake ilikuwa kwamba nyuma kule, mbali kidogo na macho ya bwana, watu walitengeneza dunia yao, bustani ndogo, njia za miguu za kwenda kwa ndugu shamba la pili, sehemu za kukusanyika. Alikuwa anaonyesha kwamba hawa watu hawakuvunjika. Sasa ukishusha picha, kinachobaki ni nini? Inabaki ile nyumba kubwa ya mbele yenye nguzo nyeupe, ambayo watalii wanalipa kiingilio kuiona.

Na huyu jamaa hakuanza juzi. Udaktari wake aliupata 1975 Chuo Kikuu cha Indiana kwa kuifuatilia ile nyumba nyembamba ya New Orleans, chumba kimoja kwa upana, vyumba vimefuatana kama mabehewa ya treni. Wengi walikuwa wanasema ni ufinyu wa viwanja tu. Yeye akaenda mpaka Haiti, akapima nyumba kwa futi, akasema umbo hili limekuja na watu weusi wa Haiti (mwaka 1809 walifika maelfu New Orleans) na mizizi yake inarudi hadi kwa Wayoruba. Wasomi mpaka leo wanabishana juu ya hilo. Alafu alisema hata baraza la mbele ya nyumba, kitu ambacho Mmarekani anakiona ni chake kabisa, kina mkono wa Mwafrika. Mimi mtu wa pwani niliposoma hapo nilisimama kwanza, ingawa yeye aliongelea Afrika Magharibi na si huku kwetu.

NAONGEZA baada ya kusoma michango yenu: kuna ndugu kasema mzungu hana haki ya kusimulia utumwa. Naheshimu, ila mwaka 1981 huyuhuyu Vlach aliandika kitabu kizima kuhusu Philip Simmons, mhunzi mweusi wa Charleston, mzee akiwa hai na nyundo mkononi, mageti yake yamejaa mji mzima. Hakutuona kwenye minyororo tu.

Na kingine, Januari 1996 maonyesho yaleyale yalihamia maktaba ya umma ya jiji hilohilo la Washington, ile ya jina la Martin Luther King, kwenye mji ambao wakati huo wakazi wengi ni weusi, na watu wakayapokea vizuri. Kwa hiyo shida haikuwa picha. Shida ni nani katundika, wapi, na kamuuliza nani.

Ningekuwa mimi bosi wa ile maktaba, ningewaita wafanyakazi mwezi mzima kabla, wakae na zile picha mezani, wachague wenyewe ipi ianze mlangoni. Nadhani wangeweka kile kibanda cha milango miwili. Ile ya nyapara ningeipeleka ukuta wa ndani kabisa, lakini ingekuwepo.