Tupeane uzoefu: Bububu ilikuwaje, na jina lilitoka wapi?

Asalaam aleikum wanajamvi.

Wiki iliyopita nilimchukua mwanangu wa kike, yuko darasa la sita, tukaenda Bububu, kaskazini ya mji wa Unguja, kumwangalia bibi yake. Tulipanda gari la 502. Tunakaribia kushuka akaniuliza, "Baba, kwa nini hapa panaitwa Bububu?" Kabla sijafungua mdomo kondakta akanitangulia: "Mlio wa gari la moshi huo, bu-bu-bu." Garini karibu wote wakaitikia kwa vichwa.

Mimi nimekulia pale. Nilivyofunzwa na bibi yangu, Mungu amrehemu, ni chengine kabisa. Siku moja alinipeleka kwenye chemchem, nina miaka sita au saba. Maji yalikuwa yakitoka chini ya jiwe, na mchanga mweupe unachezacheza pale kama uji unaotokota. Akanishika kisogo, akaniinamisha mpaka sikio langu likakaribia kulowa. "Sikiliza," akasema. "Ardhi inasema jina lake." Nilisikia kweli. Bu, bu, bu, polepole, kama mtu anayezungumza na mto wa kulalia mdomoni.

Sasa hoja yangu ni hii. Gari la moshi lilianza mwaka 1905. Lilijengwa na kampuni ya Kimarekani, Arnold, Cheney & Co. ya New York, njia ya maili 7 kutoka mjini upande wa Ngome Kongwe hadi Bububu. Lakini Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said, aliyezaliwa kasri ya Mtoni mwaka 1844, aliwahi kukaa Bububu ujanani mwake, kabla ya kuondoka Unguja mwaka 1866. Kumbukumbu zake zilichapwa kwa Kijerumani mwaka 1886, na humo Bububu imetajwa kwa jina lilelile. Yaani miaka 19 kabla gari halijapiga mluzi wake wa kwanza. Gari ndilo lililoikuta Bububu.

Naomba mwenye kumbukumbu aweke hapa, yake mwenyewe au aliyoambiwa na mzee wake. Kama umeambiwa, sema nani alikwambia. Wazee wetu wanaondoka mmoja mmoja na mengi hayajaandikwa popote.

Binti wa Mwanyanya

Ahsante kwa kuianzisha hii. Mimi ni wa maji, gari la moshi nimelisikia tu.

Kwenye mto wetu palikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyeuandika na hakuna aliyeuvunja. Juu kabisa, karibu na chemchem, ni maji ya kunywa, hapo huingizi mguu. Chini yake, penye kivuli, watoto wanaoga. Chini zaidi ndiyo pa kufulia, na baada ya hapo mto unajiendea zake baharini na povu lake. Ukikutwa umetia kanga pa kunywea, mama yeyote mzima aliyepo alikuwa na haki ya kukufinya sikio, na ukifika nyumbani usiseme, maana utafinywa la pili.

Tulikuwa tunakwenda alfajiri, baada ya Sala, mama mbele na sisi nyuma. Ngata ya jani kavu la mgomba kichwani, ndoo juu, na kata ya kifuu inaelea ndani ili maji yasiruke. Hiyo kata ndiyo siri. Watoto wa siku hizi nikiwaambia hawaelewi kwa nini kifuu kinazuia maji kumwagika, mpaka niwaonyeshe.

Nilikuwa na jambo moja likiniuma tangu mdogo. Mama alikuwa akituambia maji ya chemchem zetu ndiyo yaliyonywesha mji tangu enzi za Seyyid Barghash, yeye ndiye aliyeyapeleka kwa mabomba. Na ni kweli. Alitawala kuanzia 1870 hadi 1888, na maji safi mjini ni katika kazi zake kubwa. Lakini bomba likipita uwani kwetu likienda mjini, sisi tukipita juu yake na ndoo kichwani. Nilikuwa naweka kiganja juu ya lile bomba, lina ubaridi mchana wa jua kali. Nilitamani lipasuke hata siku moja.

Lilipasuka mwaka fulani nikiwa darasa la nne. Mtaa mzima tulichota siku mbili, na mama akafua mapazia. Mpaka leo nikisikia harufu ya sabuni ya mche naiona ile siku.

Mjukuu wa Seremala

Babu yangu alikuwa akisema alizaliwa "mwaka mmoja na mvua kubwa", sisi tukapiga hesabu tukakisia 1911 au 1912. Alilipanda gari lile na baba yake, mara mbili au tatu, kabla abiria hawajasimamishwa mwaka 1922. Baada ya hapo lilibaki la kubeba mawe ya ujenzi wa bandari.

Alichokuwa akikisimulia zaidi si safari, ni cheche. Alisema lilipokuwa linapita kwenye vichochoro vya upande wa Malindi ungeweza kunyoosha mkono ukagusa ukuta, na lilipotoka nje ya mji kina mama walikuwa wakitoka mbio na ndoo kuangalia makuti ya paa. Cheche moja tu ya moto na nyumba imekwenda. Kwa hiyo watoto walifurahi, mama zao walikaa roho juu.

Kwetu kuna kipande cha reli. Kiko juu ya mlango wa banda la kuni, kimebeba ukuta. Seremala mwenyewe, babu, alikitia pale kwa sababu, anasema, mti utaliwa na mchwa na hicho hakiliwi. Nilikipima juzi baada ya kusoma uzi huu: urefu wake ni shibiri tisa na vidole vitatu, na upande mmoja kimeng'aa bado, pale magurudumu yalipokuwa yakipita. Miaka mia moja kimeng'aa.

Mwalimu Mstaafu

Nimefundisha historia skuli miaka mingi, na swali la jina nililiulizwa kila mwaka. Naungana na mwenye uzi. Niongeze kidogo kuhusu kwa nini watu walijazana upande huu.

Tazameni ramani ya pwani kutoka mjini kwenda kaskazini. Kasri ya Mtoni, jina lake lenyewe linajieleza. Beit el Ras. Kibweni. Bububu. Chuini, alipojenga Seyyid Barghash. Yote hayo yako kwenye mstari mmoja, na nyuma yake kuna vilima vyenye udongo mzuri na vijito. Mjini visima vilikuwa na maji ya chumvi au machafu, huku kulikuwa na maji matamu. Mwenye uwezo akajenga penye maji. Asiye na uwezo akaja kufanya kazi kwa mwenye uwezo, na wengi hawakuja kwa hiari yao, hili lisisahaulike tunapozisifu kasri. Mikono iliyopanda mikarafuu ya Kizimbani ilikuwa ya watumwa.

Panda juu kidogo ufike Kidichi, utaona hamamu iliyojengwa mwaka 1850 kwa ajili ya mke wa Seyyid Said, Shahrzad, mjukuu wa mfalme wa Uajemi. Ingia ndani uangalie chokaa ya ukutani ilivyochongwa maua na ndege. Niliwapeleka wanafunzi wangu huko, mmoja akaniuliza, "Mwalimu, maji walipandishaje mpaka huku juu ya kilima?" Nikamwambia hilo ndilo swali la kwanza la maana kuulizwa leo.

Halafu kuna tufani ya Aprili 1872. Iliing'oa mikarafuu ya Unguja kwa wingi mno, Pemba ikasalimika zaidi, na tangu hapo Pemba ndiyo mama wa karafuu. Mzee mmoja wa Kidichi aliniambia alichosikia kwa wakubwa zake: asubuhi yake kutoka kilimani waliiona bahari sehemu ambazo hawakuwahi kuiona, kwa sababu miti haipo. Sentensi hiyo moja imenikaa kuliko kurasa nyingi nilizosoma.

Mwana wa Eka Tatu

Kwa ufupi. Baba alipata eka tatu upande wa Kizimbani, ule mgao wa ardhi wa baada ya Mapinduzi ya 1964. Mikarafuu 40 na kitu, minazi, na mwembe mmoja. Karafuu tulikuwa tunachambua usiku kwa kandili, makonyo (vile vikonyo vyake) huku, karafuu huku, vidole vinakuwa vyeusi wiki nzima. Skulini Bububu mwalimu alikuwa akituambia tunyooshe mikono, na alijua nani kashinda shambani na nani kacheza.

Sijui habari za jina. Nilitaka tu ukumbukwe ule mwembe, umekatwa.

Mpita Njia wa Chuini

Mimi nitapingana nanyi kwa heshima. Marehemu baba aliniambia ni gari la moshi na baba hakuwa mtu wa kutunga. Alisema babu yake alikuwa akiwaigizia mlio, watoto wakicheka. Mnataka kuniambia wazee wote hao walikosea?

Mwenye uzi

Ndugu yangu wa Chuini, baba yako hakukosea, na naomba usiyafute uliyoyaandika. Babu yake aliusikia mlio kwa masikio yake, na akaona umelingana na jina la mahali alipokaa. Fikiria mtoto wa mwaka 1905, hajawahi kuona chuma kinachokwenda chenyewe, kinafika mtaani kwake kinaita jina la mtaa wake! Hata mimi ningesimulia hivyohivyo kwa wajukuu. Ninachosema ni kwamba jina lilikuwepo tayari, maji yaliwahi.

Lililonipa uzito ni jengine. Nilikwenda tena na mwanangu Ijumaa, baada ya Sala, tukiwa na mama yangu. Pale tulipokuwa tukiinama pamejengewa saruji, na chini yake mto umebanwa na nyumba pande zote mbili. Masika maji yanarudi kudai njia yake, yanaingia mpaka vyumbani mwa watu, na kila mmoja anamlaumu jirani. Taka zimejaa pale palipokuwa pa kunywea. Mama alisimama muda mrefu hakusema kitu. Kisha akamwonyesha mjukuu wake kwa fimbo: hapa tulikunywa, hapa tulioga, pale tulifua. Nikamwangalia, anapanga vilevile alivyoandika Binti wa Mwanyanya, na hajausoma uzi huu wala hana simu ya kuusomea.

Mwanangu akapiga magoti akaweka sikio kwenye saruji. Tulimsubiri. Akasema hasikii kitu, gari nyingi zinapita. Bibi yake akamwambia, "Tutakuja alfajiri."

Mjukuu wa Seremala, kama uko radhi, ningependa kukiona hicho kipande cha reli na kukipiga picha kikiwa palepale mlangoni, usikitoe. Mwalimu, nitafurahi ukija nasi. Nimenunua daftari, nimeandika majina ya mitaa ya zamani aliyonitajia mama, nimefika 14, na mawili hatukubaliani yalikuwa wapi. Jumapili alasiri tutakuwa barazani kwake. Mwenye mzee anayeweza kutembea amlete, asiyeweza atuambie, tutamfuata.