Mrejesho: Ngumi na karate chumbani, miezi miwili sasa
Wakuu, nimerudi. Niliuliza kama mtu anaweza kupata pumzi na nguvu kwa mazoezi ya ngumi na karate nyumbani, chumba kimoja, bila begi la kupigia. Mkaniambia nianze raundi 3 za dakika 3, pumziko dakika 1, kama ulingoni. Nimefanya hivyo siku nne kwa wiki.

Mwanzoni raundi ya pili ilinimaliza, mikono inashuka yenyewe. Kumbe nilikuwa narusha ngumi kwa bega tu. Aliyesema nizungushe kwanza kisigino cha nyuma na kiuno, Mungu akubariki sana: mabega yamepumzika, mbavu na tumbo ndivyo vinafanya kazi. Sasa nafika raundi 6.

Kiba-dachi, ule mkao wa karate wa kama umepanda farasi, umenijenga mapaja. Nilianza sekunde 20 natetemeka, leo dakika 2. Goti la kushoto lilisumbua mpaka nilipolielekeza kule vidole vinakoelekea.

Mateke ya juu bado, nyonga hazijafunguka. Kamba nimeacha kuruka, jirani wa chini ana mtoto mchanga. Nakimbia palepale, peku, juu ya mkeka.