Naombeni ushauri: nimeolewa kijijini Ufaransa, nibaki au niende mjini?

Binti_Pangani: Habari zenu wakuu. Mimi mdada wa Tanga, nimeolewa na mfaransa mkulima tunaishi Cantal, milimani huko katikati ya Ufaransa, sio hiyo Paris mnayoiona kwenye simu. Duka hakuna, mkate unaletwa na gari linapiga honi, usipoisikia imekula kwako. Daktari mpaka mjini Aurillac, na leseni ya udereva ya Bongo huku ni mwaka wa kwanza tu basi, kwa hiyo mume asiponipeleka sitoki. Mwenyewe hanipigi wala halewi ila haongei, mama yake ndo anaongea kwa niaba ya ukoo mzima. Nibaki au nikatafute kazi mjini? Matusi sitaki.

Mzee wa Kiporo: Wenzio tunaiombea Ulaya kwa kufunga wewe unalalamikia mkate.

Fundi Gereji: Mdogo wangu vumilia. Mi nilioa Sumbawanga vijijini huko, siku ya pili tu wakwe wakanikabidhi jembe waone kama nina mikono, mpaka leo shemeji zangu wananiita trekta.

Kishtobe: Ufaransa hiyohiyo jogoo Maurice wa kisiwa cha Oléron alishtakiwa na majirani kwa kuwika akashinda kesi 2019, na 2021 ikapita sheria ya kulinda sauti na harufu za shamba. Jogoo kapata haki sembuse wewe.

Mama Wawili Lyon: Acheni utani. Dada, hapo shambani unafanya kazi? Mume kakuandikisha MSA, ile bima ya wakulima? Mwenzi anayefanya kazi shambani lazima atambulike kisheria, na ile hadhi ya mwenzi msaidizi tangu 2022 ni miaka 5 tu, baada ya hapo uwe mwajiriwa au mbia. Na ndoa mlifunga na mkataba wa mali kwa notari?

Binti_Pangani: Nakamua asubuhi na jioni, jibini natengeneza na mama mkwe. Makaratasi mume anasema atashughulikia. Mkataba hatukuandika.

Mama Wawili Lyon: Basi shamba alilorithi ni lake, mtakachogawana ni mlichochuma ndani ya ndoa. Na bila kuandikishwa pensheni huna.

Kishtobe: Mbona kama kuna kitu unazunguka? Mjini kwa nani?

Binti_Pangani: Haya. Kazi nimeshapata, jikoni kwenye nyumba ya wazee Clermont-Ferrand, na chumba nimeshalipia kodi na dhamana. Mume hajui. Ila sijamkimbia jamani, wikiendi nitakuwa narudi, na hela ni yangu ya kikoba nilikuja nayo.

Mama Wawili Lyon: Duh, hiyo ndo ulitakiwa uanze nayo! Kadi ya ukaazi ya miaka 10 inataka miaka 3 ya ndoa na muwe mnaishi pamoja bila kukatika. Mkikubaliana uishi mbali kwa sababu ya kazi unaweza kujieleza, lakini ukiondoka kimyakimya akaenda kusema umemwacha, kadi yako itakuwa kwenye hatari. Mwambie kabla hujabeba begi.

Binti_Pangani: Nikimwambia mama yake atajua kabla chai haijapoa. Na chumba nimeshalipia.

Mchunguzi Huru: Chai ni hii tunayonyweshwa hapa. Kwenye uzi wa mifugo aliandika ng'ombe wa huko hawakamuliki mpaka ndama aletwe. Ulaya, na mashine zote zile? Huyu yuko Mbagala anatunga.

Binti_Pangani: Hao ni Salers, wekundu wenye pembe ndefu. Ndama ananyonya kwanza, maziwa yakishuka unamfunga kwenye mguu wa mbele wa mama yake, unamwagia chumvi mgongoni, mama analamba huku mashine inavuta. Chumvi ndo kazi yangu, njoo uone vidole vilivyopasuka.

Mfugaji Singida: Mchunguzi umeaibika. Hata hawa wetu wa kienyeji wengi ndama akifa maziwa yanakata.

Mchunguzi Huru: Nimekaa. Ila chumvi mgongoni bado inanitatiza.

Mzee wa Kiporo: Ya mawe au ya mezani?

Mfugaji Singida: Kesho najaribu kwa wangu, ntaleta mrejesho.

Binti_Pangani: Wakuu mmehamia kwenye chumvi na mimi kazi naanza Jumatatu.

Mama Wawili Lyon: Na leo Alhamisi. Mwambie leo.