Gemu ya video kwa mtoto mwenye ADHD: tiba au danganya toto?

Pimakwanza
Wakuu, tujadili hili bila kurushiana mawe. Mwaka 2020 FDA, mamlaka ya dawa ya Marekani, iliruhusu EndeavorRx, gemu ya kwanza ya video ambayo daktari anaiandika kama anavyoandika vidonge. Mtoto wa miaka 8 hadi 12 mwenye ADHD (tatizo la umakini na kutotulia) anainamisha tableti kushoto na kulia ili aongoze chombo, huku akigusa skrini kiumbe anayetakiwa akitokea na kuwaacha wengine wapite. Dakika 25 kwa siku, siku 5 kwa wiki, wiki 4. Swali langu ni moja tu: bima ya afya ilipie kitu cha namna hii au isilipie? Mimi nasema ilipie.

Chokonoe
Zamani mtoto mtukutu alipewa kazi ya mikono akatulia. Leo anapewa gemu, tena kwa cheti cha daktari, na mzazi aliyechoka kulea anapata dakika zake 25 za kupumzika. Sasa bima inamtibu nani hapo?

Binti Razini
Chokonoe, hilo neno "mtukutu" lirudishe ulikolitoa. ADHD ina sura tatu: kutozingatia, kutotulia pamoja na pupa, na mchanganyiko wa zote. Kuna mtoto anaketi kimya kipindi kizima, hamsumbui mtu, na mwisho wa somo daftari lina mistari miwili. Huyo naye ni mtukutu? Idhini ya gemu hii inawataja wenye kutozingatia na wenye mchanganyiko, tena ambao kasoro ya umakini imethibitika. Yule ambaye shida yake ni kuruka juu ya meza tu hata hayumo. Na mzazi hapumziki hata kidogo, maana asipokuwa karibu mtoto ataacha kabla ya wiki ya pili.

Chokonoe
Haya, neno nimelirudisha. Tuseme "upungufu wa umakini". Upungufu upi, dada? Mtoto huyohuyo mpe gemu ya mpira, atakaa saa tatu hata msalani haendi.

Kinyonga
😂😂 Hapo amechokonoa kweli.

Binti Razini
Cheka tu. Umakini anao, usukani ndio haushiki. Gemu ya mpira inamlipa kila baada ya sekunde chache. Hesabu za kugawanya zinamlipa kesho kutwa, mwalimu akirudisha madaftari. Watoto hawa malipo ya kuchelewa yanawashinda kuliko wenzao, na hilo si kosa la malezi.

Mzee wa Hesabu
Binti yangu, umejifunga goli. Kama ugonjwa ni kutovumilia malipo ya kuchelewa, kumfanyisha mazoezi ndani ya kitu kinacholipa papo kwa papo kutamsaidiaje kwenye daftari?

Tuangalie jaribio kuu lenyewe. Watoto 348, na matokeo yalitoka mwaka huo huo wa 2020. Kundi moja (180) lilipewa gemu hii, jingine (168) likapewa gemu ya kuunda maneno. Kipimo kikuu kilikuwa TOVA. Kundi la kwanza lilipanda alama 0.93, la pili 0.03. Ni tofauti ya kweli, sibishi. Lakini TOVA ni nini? Mtoto anakaa mbele ya skrini dakika 21.6. Kila sekunde 2 mraba unamulika kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Ukiwa juu, bonyeza. Ukiwa chini, acha. Nusu ya kwanza miraba ya kubonyeza ni michache, kwa hiyo anayesinzia anakosa. Nusu ya pili ni mingi, kwa hiyo mwenye pupa anabonyeza ovyo. Sasa mtu afanye mazoezi mwezi mzima ya kugusa skrini haraka na kuacha visivyotakiwa, halafu apimwe kwa kubonyeza haraka na kuacha visivyotakiwa. Ulitegemea ashuke?

Kwenye ripoti za wazazi, makundi yote mawili yalipata nafuu na kwa wastani hayakupishana kwa maana yoyote. Hapo ndipo bima inapotakiwa kusoma mara mbili.

Binti Razini
"Kubonyeza", "kubonyeza", kama vile watoto walikuwa wanabonyeza kengele ya mlango. Gemu inawapa kazi mbili kwa wakati mmoja, kuongoza na kuchagua, na ugumu unajipandisha au kujishusha kadiri mtoto anavyocheza. TOVA haina usukani wala viumbe. Si kitu kimoja.

Mzee wa Hesabu
Sikusema ni kitu kimoja, nimesema ni ndugu wa tumbo moja. Soma kabla ya kukasirika.

Chokonoe
Si ndio hawa hawa waliopigwa faini ya mamilioni kwa kudanganya kwamba gemu zao zinaongeza akili? FDA hao hao wakawakamata?

Pimakwanza
Umechanganya mafaili, mkuu. Hiyo ni Lumosity, mwaka 2016, dola milioni 2, na waliowabana walikuwa FTC, tume ya biashara. Shauri lilikuwa la matangazo kuzidi ushahidi. EndeavorRx ni kampuni nyingine, Akili, na asili yake ni kazi ya Adam Gazzaley kule San Francisco: gemu ya gari iliyojaribiwa kwa wazee wa miaka 60 hadi 85 na kuchapishwa 2013.

Chokonoe
Kwa hiyo ilikuwa dawa ya babu, ikageuzwa dawa ya mjukuu.

Fundi Kipima
Mnabishana juu ya dawa ambayo hamjui inanywewaje. Nyingi ya tiba hizi zinaharibikia mezani, kabla hata ya takwimu.

Kosa la kwanza ni kaka mtu kuomba "raundi moja tu". Programu inapima uwezo wa mchezaji na kupanga ugumu kwa hicho. Kaka akicheza dakika kumi, kesho mwenye tiba anakuta kizingiti si chake, anashindwa mfululizo, anaitupa tableti. Hata dada mdogo asiye na makosa anaharibu, ila kwa upande wa pili: gemu inalegea.

Pili, kulegeza kwa makusudi. Mtoto mjanja anagundua kwamba akikosea kidogo gemu inakuwa rahisi, basi anacheza kivivu wiki nzima. Utamjua hivi: hanung'uniki kabisa na hapigi hatua kabisa. Tiba hii ikifanya kazi inachosha. Kwenye jaribio lile lile malalamiko yalikuwa kukereka na kuumwa kichwa, asilimia 7 ya watoto dhidi ya 2 kwa gemu ya maneno.

Tatu, mkao. Chombo kinaongozwa kwa kuinamisha, kwa hiyo mtoto aliyelala chali kitandani anainamisha tableti kwa pembe tofauti kila mara. Aketi, viwiko vikae mezani, arifa zote zizimwe. Saa iwe ile ile kila siku, wala si usiku karibu na kulala. Na dakika 25 haziongezwi Jumamosi kufidia siku zilizorukwa.

Kinyonga
Fundi, asiyetulia umwambie viwiko mezani dakika 25? Ukimpata wa hivyo hahitaji gemu.

Fundi Kipima
Ndiyo maana unagawa vipande, unampa pumziko fupi katikati, na mtu mzima anakaa ubavuni bila kutoa maelekezo. Ukimwambia "gusa, gusa!" umecheza wewe.

Binti Razini
Asante Fundi. Na niongeze: idhini yenyewe inasema isitumike peke yake wala isichukue nafasi ya dawa. Anayemwachisha mtoto methylphenidate, dawa ya ADHD, kwa sababu ya gemu amesoma jina la bidhaa tu.

Mzee wa Hesabu
Hapo tuko pamoja. Lile jaribio kubwa la tiba za ADHD liitwalo MTA, la 1999, watoto 579 kwa miezi 14, lilionyesha dawa iliyosimamiwa vizuri inavyopunguza dalili. Gemu haijapewa mizani nzito kiasi hicho. Na jaribio jingine la gemu hii, la watoto 206, wengi wakiwa kwenye dawa, halikuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo kupanda kwao unaweza kuita unavyotaka.

Pimakwanza
Turudi kwenye bima jamani.

Chokonoe
Bima ipi? Si umesema mwenyewe inaandikwa na daktari. Nasikia siku hizi wanauza bila cheti.

Pimakwanza
Ni kweli, 2023 kampuni ilitangaza kuachana na njia ya cheti, mwaka uliofuata ikanunuliwa na Virtual Therapeutics. Umri nao ulipanuliwa hadi miaka 17 mwishoni mwa 2023.

Chokonoe
Kumbe hata wenyewe bima waliikimbia, halafu unataka sisi tuikimbilie.

Binti Razini
Kukimbia soko si kukimbia ushahidi. Na bado hujaomba radhi kwa "mtukutu".

Chokonoe
Nilishalirudisha, dada. Risiti unataka?

Fundi Kipima
Aliyeuliza pembeni kuhusu mtoto wa miaka 6: hapana, yuko chini ya umri ulioruhusiwa. Na kabla ya gemu yoyote, apimwe macho, masikio na usingizi. Anayekoroma usiku kucha hukosa umakini mchana, na hiyo hakuna tableti inayoitibu.